Shingo ya Celestin na Ngoma ya Mbele

"Shingo hii," alisema Celestin, akajipiga kofi la kisogo likalia paa, "haijawahi kuniuma tangu mama anizae. Nyie vijana mna shingo za bata. Hii ni ya fahali."

Aliyasema hayo ndani ya banda la kuchambulia tumbaku pale Katumba, mbele ya wanaume waliokaa chini na majani yao mapajani. Wakaitikia kwa heshima, maana Celestin ndiye mkuu wa wapiga ngoma wa kijiji, na fimbo zake za ngoma huwa kiunoni muda wote, hata akienda chooni.

"Mkubwa!" akaita Gideon, mpiga ngoma kijana, kutoka nyuma yake. "Siafu mgongoni!"

Mtu mwenye shingo ya fahali angegeuza kichwa akatazama. Celestin aligeuza miguu kwanza, kisha magoti, kisha kiuno, kisha kifua, na uso ukafika mwisho kabisa, kama lori linalotafuta pa kugeuzia kwenye njia ya baiskeli. Siafu hawakuwepo.

"Wameondoka," Gideon akasema, uso mkavu. "Wameogopa shingo."

Banda zima likainamia tumbaku. Kila mtu alichambua jani lake kwa bidii ya ajabu, mabega yakitikisika.

Ukweli ni kwamba shingo ya Celestin ilikuwa inamuuma mwaka wa tatu sasa. Ilianza kama kibanzi kidogo nyuma ya sikio, ikashuka begani, ikajenga, ikaleta na familia. Alikuwa ameshaikanda kwa maji ya chumvi. Alikuwa ameshaipaka samli aliyopewa na Wasukuma wenye ng'ombe, akaipaka mpaka mbwa wa kijiji wakawa wanamfuata njiani kwa upendo. Haikusikia.

Na si kwamba ilikuwa shingo ya mtu wa kawaida, ambaye anaweza kukaa nayo imepinda akaendelea kula ugali. Wazee wa kijiji kile walipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, walifika Katumba na nguo za mwilini na ujuzi wa ngoma. Wakachonga magogo mapya, wakayawamba ngozi, wakaanza upya. Na ngoma zao hazibebwi kwenye mkokoteni. Wapigaji huingia uwanjani kwa mstari, kila mmoja na ngoma yake kichwani, wakizipiga hukohuko juu huku wanatembea. Ile ya mbele ndiyo kubwa kuliko zote, nzito kama ndama aliyekataa kwenda. Huitwi mkuu kama huwezi kuingia nayo kichwani. Ukishindwa, unahamia mkiani, unapiga kingoma kidogo na kula vumbi la wenzako wote.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na wageni kutoka wilayani walikuwa wamealikwa. Mzee Yotham, mwenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya ngoma, alikuwa ameshauliza: "Mwaka huu nani mbele?"

"Mimi," Celestin alijibu haraka.

"Gideon ana shingo nzuri," mzee akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa.

Maneno hayo yalimwuma Celestin kuliko shingo yenyewe. Asubuhi iliyofuata alichukua baiskeli.

"Nakwenda Mpanda mjini kununua spoku," alimwambia mkewe.

Esteria alikuwa anachota majivu jikoni. Aliitazama baiskeli. "Baba Agape, baiskeli hiyo ina spoku zote."

"Za akiba."

"Haya. Ukifika, uwahi. Hospitali watu wa viungo wanapanga foleni mapema."

Celestin akapanda baiskeli. Alitaka kumtupia jicho kali, lakini mke alikuwa upande ambao shingo haifiki.

Hospitalini alipokelewa na Hilaria, mtaalamu wa viungo, mwanamke wa Kibaoni mwenye mikono mifupi mipana na mdomo usiolala. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia atazame kulia. Celestin akatazama kulia kwa macho peke yake.

"Kwa shingo, baba."

"Ndiyo hivyo kwa shingo."

"Ungekuwa mlango ningesema umepigwa msumari." Akamgusa nyuma ya kichwa, akashuka taratibu, mfupa kwa mfupa. "Hapa? Na hapa?"

"Yemwe!" Celestin akaruka, akilia kwa Kirundi.

"Hapa ndipo. Unabeba nini kichwani?"

"Mimi? Kofia."

Hilaria akamlaza kifudifudi akaanza kazi. Alikanda, akabonyeza, akashika kichwa chake kwa viganja viwili akakivuta polepole kama mtu anayechomoa muhogo bila kutaka uvunjike. Celestin alisema "aaah", kisha akasema "eeeh", kisha akaanza kukoroma. Alipoamshwa, shingo ilizunguka kulia mpaka akaliona dirisha ambalo hakujua lipo.

"Daktari," alisema, machozi yakimlengalenga, "mikono yako itunzwe na serikali."

"Mikono yangu ni nusu ya dawa. Leo nimekufungulia, kesho itajifunga tena. Nusu nyingine ni mazoezi, na hayo unayafanya mwenyewe nyumbani, asubuhi na jioni. Njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha. La kwanza, kurudisha kidevu nyuma bila kukiinua wala kukishusha, kama unamkwepa shangazi anayetaka kukubusu mbele ya watu. La pili, kuweka kiganja kwenye paji la uso ukasukuma, na kichwa kikatae kwenda. Halafu kubana mabega nyuma kana kwamba umeshikiza kalamu katikati ya mgongo. Shingo ikishapata nguvu kidogo, utembee uani na kitu chepesi kichwani, kidevu kikiwa palepale, na uongeze uzito taratibu.

"Na usibebe mzigo mzito mpaka niseme," Hilaria akamalizia. "Umesikia, baba wa kofia?"

"Nimesikia."

Njia nzima ya kurudi Katumba Celestin alikuwa anawaza. Mikono aliielewa. Mgonjwa analala, mwenye ujuzi anafanya, ugonjwa unatoka; hivyo ndivyo tiba ilivyo tangu dunia iumbwe. Lakini mgonjwa kujitibu mwenyewe, tena kwa kukwepa shangazi asiyekuwepo? Na je, Gideon akipita akamkuta mkuu wa wapiga ngoma anasukuma paji lake la uso uani? Kijiji kizima kingejua kabla ya chai.

Alipofika nyumbani alikuwa ameshapata ufumbuzi.

"Mama Agape, kaa hapa. Mimi na wewe tulifunga ndoa kanisani?"

"Ulikuwepo."

"Padri alisema tumekuwa nini?"

"Mwili mmoja."

"Ego! Ndiyo hiyo! Basi shingo yako ni shingo yangu." Akamwonyesha mazoezi yote, moja baada ya jingine, nusunusu, akiugulia. "Utayafanya wewe. Asubuhi na jioni. Dawa itafika tu."

Esteria alisimama. Ni mwanamke ambaye amebeba maji, kuni, mahindi na watoto juu ya kichwa kilekile tangu akiwa msichana, na shingo yake nayo ilikuwa na malalamiko yake ambayo hakuna aliyeyaulizia. Alipojaribu lile la kidevu, kitu kikalegea nyuma ya shingo kwa utamu.

"Sawa," akasema. "Nitakufanyia."

Tangu siku hiyo, jirani aliyechungulia uani kwa Celestin aliona mambo. Esteria anasimama katikati ya ua, anarudisha kidevu, anabana mabega, anatembea huku na huko na kibakuli cha mchele kichwani, kesho yake kibuyu, baadaye ndoo. Celestin amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, anasimamia.

"Vuta! Shikilia! Usiachie, sha, unaniumiza! Haya, achia." Kisha anajipapasa kisogo chake. "Naisikia. Naisikia inalegea."

"Upande gani?" Esteria anauliza.

"Wa kulia."

"Mimi nilikuwa nafanya wa kushoto."

"Dawa inazunguka."

Ijumaa, siku ya kurudi hospitalini, Esteria alisema anakwenda naye kusalimia mjini. Hilaria akaiweka mikono yake kwenye shingo ya Celestin, akanyamaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza ilikuwa dalili mbaya.

"Baba, mazoezi unafanya?"

"Yanafanyika, daktari. Kila siku. Jua lichomoze lisichomoze."

"Mbona shingo kama kuni?"

"Labda imechoka. Yamefanyika mengi."

Esteria aliangalia ukutani, palipokuwa na picha ya mifupa ya binadamu, akaisoma kwa makini sana. Hilaria akamwangalia mama yule alivyosimama: kidevu sawa, mabega nyuma, kichwa kimekaa juu ya shingo kama yai kwenye kikombe chake. Akamwangalia tena Celestin aliyekaa amepinda. Akacheka mpaka akashika kitanda.

"Basi nimeelewa. Baba, nitakukanda leo, utasikia raha, na raha itaisha. Usije ukabeba mzigo wowote kichwani. Hata kofia, ivue."

Sikukuu ilikuwa Jumapili. Celestin alikuwa na raha ya Ijumaa, na nusu ya raha ya Jumamosi.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Wageni kutoka wilayani walikaa chini ya turubai, na Mzee Yotham pembeni yao na mkongojo wake. Upande wa kushoto wa uwanja, nyuma ya ua wa nyasi, akina mama walikuwa wanapika, moshi ukipanda.

Huku nyuma ya shule wapigaji walikuwa wanajiandaa. Gideon alimsogelea mkuu wake.

"Mkubwa, kama vipi leo nikusaidie ile ya mbele. Wewe utembee tu na fimbo, kama rais."

"Nyie vijana," Celestin akasema, "mkiona mtu mzima amenyamaza mnadhani amezeeka. Leteni ngata. Nitwikeni."

Wakamtwika, wawili wakiinua huku wakiguna. Ngoma ikakaa juu ya ngata, ile pete ya nguo ya kichwani. Celestin alisikia uti wa mgongo ukishuka ghorofa moja. Lakini akatabasamu, akachomoa fimbo, akapiga, na mstari mzima ukaitika nyuma yake kwa mshindo ulioamsha njiwa wa Katumba wote. Wakaingia.

Hapa ni lazima ujue kanuni ya mstari. Aliye nyuma, na ngoma kichwani, haoni mbele wala pembeni; anaona visigino vya mwenzake tu. Kwa hiyo anafuata visigino. Haongei, hasimami, hageuki, mpaka ngoma ya mbele itue. Ngoma ya mbele ikienda mtoni, zote zinakwenda mtoni.

Walikwenda vizuri mpaka karibu na turubai. Pale kulikuwa na kishimo kidogo, cha kuku kuogea vumbi. Mguu wa Celestin ukaingia, ukatoka. Ngoma ikaruka kidogo, ikakaa tena. Na shingo ikasema *kak*.

Ikafunga. Ikafunga ikiangalia kushoto.

Celestin alijaribu kuirudisha. Haikurudi. Alitaka kusimama, akasikia mshindo nyuma yake ukimsukuma. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka yeye ni nani. Na miguu ya binadamu ni mijinga: inakwenda kule uso unakotazama. Miguu ya Celestin ikakata kona kushoto, ikawapa wageni wa wilaya mgongo, ikaelekea kwenye moshi.

Gideon akafuata visigino. Wa tatu akafuata visigino vya Gideon. Mstari wote ukapinda kama nyoka aliyekumbuka kitu, ukapita mbele ya Mzee Yotham aliyebaki mdomo wazi, ukaupita ua wa nyasi bila kutafuta mlango, ukaingia jikoni.

"Mamaaa!" Wapishi wakatawanyika, mmoja na kuku mkononi, mwingine na mfuniko wa sufuria ameuweka kifuani kama ngao. Ngoma zikalizunguka sufuria la wali. Zikalizunguka la nyama. Celestin alizunguka kwa sababu kushoto hakuishi. Ukimaliza kushoto moja, nyingine inaanza. Moshi ulimwingia machoni. Akafika kwenye sufuria kubwa la maharage, akasema maneno fulani, lakini kwa kelele zile aliamini yamesikiwa na yeye na Mungu basi.

Esteria ndiye aliyetoka kwenye moshi. Alikuwa na ngata yake ya maji mkononi. Hakuuliza. Aliiweka kichwani, akasogea ubavuni kwa mumewe, akakunja magoti, akarudisha kidevu nyuma kama mtu anayemkwepa shangazi. Akaipokea ngoma kutoka kichwa cha Celestin kwenda kichwani kwake, vile wanawake wanavyopokezana ndoo njiani ili maji yasimwagike, bila kuitua chini. Yule mwenye mfuniko aliutupa akaja kusaidia kusukuma. Ngoma ikahama. Esteria akanyoosha magoti. Shingo yake haikutikisika.

Akageuka, akaongoza mstari kutoka jikoni.

Gideon aliona visigino vimebadilika, vidogo zaidi na vina unga, lakini kanuni ni kanuni. Wakafuata. Mzee Yotham alifumbua mdomo kukataza, akatafuta sheria iliyovunjwa. Mwanamke hapigi ngoma, hilo linajulikana. Lakini Esteria hakuwa anapiga. Alikuwa amebeba, na wanawake kubeba hakuna aliyewahi kuwakataza, maana tangu lini. Mzee akafunga mdomo.

Na ngoma ya mbele ilipigwa na Celestin. Shingo ilikuwa bado inaangalia kushoto, kwa hiyo alitembea upande wa kulia wa mkewe, uso umemgeukia yeye moja kwa moja, macho hayabanduki, machozi ya moshi yanamtiririka, fimbo zinashuka kwenye ngoma iliyo juu ya kichwa cha mama. Chini ya turubai wageni walidhani ni mahaba. Bibi mmoja wa wilayani alimpiga mumewe kiwiko. "Unaona wenzio?"

Vijana wawili walipoishusha ngoma mbele ya turubai, uwanja ulilipuka. Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mgeni mkubwa akasimama akasema hajawahi kuona mchezo wenye ubunifu kiasi kile, hasa ile sehemu ya kuingia jikoni.

Kila mtu alishangilia ila Mzee Yotham. Chakula kilipoanza kugawiwa alimwita Celestin mbele ya wageni, mbele ya wapigaji wote, akaweka mkongojo chini.

"Celestin. Tangu nianze kuona ngoma sijaona zikizunguka wali. Nieleze wewe mwenyewe. Kama ulikusudia, ni ufundi, na mbele ni pako. Kama ni shingo, mwakani unakwenda mkiani, na Gideon anakuja mbele. Ulikusudia?"

Gideon alijikausha, lakini miguu yake ilikuwa imeshasogea hatua ndogo kuelekea mbele. Celestin alimwona kwa ncha ya jicho, maana ncha ya jicho ndiyo iliyobaki inafanya kazi. Akamwona na mgeni mkubwa anavyomtabasamia. Akavuta pumzi.

"Mzee," akaanza, "swali zuri. Mimi miaka yote imekuwa inaniuma."

"Shingo?"

"Roho! Inaniuma roho kwamba mama zetu wanatupikia kila sikukuu, wanasikia ngoma, hawazioni. Wanaona moshi. Nikasema hapana. Mwaka huu ngoma ziwafuate hukohuko."

Wageni wakapiga makofi. Celestin akapata nguvu. "Nikapanga na Mama Agape. Nikamwambia, nitakapofika jikoni, upokee, tuonyeshe kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Tumefanya mazoezi uani kwangu asubuhi na jioni. Majirani si mliona? Semeni!"

"Tuliona," majirani wakakubali, na kweli waliona.

Esteria alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, anamtazama mumewe kama mtu anayetazama maziwa yakipanda kwenye sufuria.

Mzee Yotham akakuna kidevu. "Na kile kishimo cha kuku?"

"Alama yangu! Nilikuwa nakitafuta. Nikifika kwenye kishimo, nakata kushoto, napita wali, napita nyama, nayazunguka maharage, pale ndipo pa kupokezana. Kila kona niliijua, mzee. Ningeweza kuipita nimefumba macho."

Mzee aliinua mkongojo wake taratibu. Ulianza kuelekea mbele, kwenye ile ngoma kubwa. Gideon akateremsha mabega.

Ndipo Nyamizi alipofika na sinia. Huyu ni bibi wa Kinyamwezi wa kijiji jirani, huja kila sikukuu kusaidia kupika, na hajawahi kujifunza kunong'ona. Alitua sinia mbele ya mgeni mkubwa, akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama Celestin kuanzia chini mpaka juu.

"Uliijua kila kona?" akasema. "Mwanangu, mwiko wa maharage si ulikuwa mkononi mwangu? Uliponifikia ulisema, 'Bibi, niokoe, hapa ni wapi?' Nikakwambia, 'Jikoni, baba.' Ukaniuliza, 'Jikoni kwa nani?'"